Ajira za Serikali Nyanda za Juu Kusini: Wengi Wanaangukia Kwenye Karatasi

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Ukigawa, ni zaidi ya watu 84 kwa kiti kimoja. Ualimu nao, kwa nafasi 14,648, uliombwa na watu zaidi ya 200,000, yaani karibu 14 kwa nafasi moja. Takwimu hizi zimewaaminisha vijana wengi kwamba bila mtu wa kukushika mkono, kuomba ni kujisumbua. Ushindani ni mkali kweli, hilo halina ubishi. Lakini sisi ambao kazi yetu ni mafaili ya utumishi, na ambao tunasoma barua na vyeti vya waombaji kutoka Tunduma hadi Mafinga, tunaona jambo jingine likijirudia kila msimu. Watu wanatoka kwenye mbio kabla hawajaulizwa swali hata moja. Wanatolewa na jina, tarehe, jina la kozi, au barua pepe ya mtu mwingine. Na wale wanaopita, karatasi zilezile huja kuwasumbua tena kwenye mshahara, kwenye kuthibitishwa kazini na hata kwenye kustaafu.

Tuanze na chanzo, maana asiyejua nafasi inavyozaliwa hupoteza nauli kwenda kwa mkurugenzi na bahasha ya maombi.

Kila mwajiri wa umma ana ikama, yaani orodha ya nafasi anazotakiwa kuwa nazo kwa kila kada. Wakati wa kuandaa bajeti, halmashauri inaonyesha pengo lake na kuomba fedha za mishahara ya watu wapya. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ofisi ya Rais, Utumishi, ndiyo inayotoa kibali cha ajira, na kibali kina aina mbili. Kuna ajira mpya, ambayo inaongeza idadi ya watumishi, na kuna ajira mbadala, ambayo inaziba nafasi ya aliyestaafu, aliyefariki, aliyeacha kazi au aliyefukuzwa. Bila kibali, mkurugenzi hana mamlaka ya kukuajiri kwenye mshahara wa serikali kuu, hata kama shule ya kata ina walimu watatu kwa madarasa saba. Anachoweza kufanya ni kukupa mkataba wa muda kwa fedha za mapato ya ndani, au kamati ya shule ikakupokea kama mwalimu wa kujitolea kwa posho ya wazazi. Shule nyingi za Makete na Ludewa zimesimama kwa vijana wa namna hiyo, na wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Ila waelewe mapema kwamba kujitolea hakugeuki ajira kwenyewe. Siku kibali kikija, tangazo linatoka na wao wanaomba kama wengine. Basi barua ya mkuu wa shule inayothibitisha muda waliojitolea waichukue wakati mkuu huyo bado yupo, kabla hajahamishwa.

Usaili unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoanza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa, kila mwajiri alijitafutia watu wake. Halmashauri ya wilaya inaweza kubandika tangazo la watendaji wa vijiji au madereva kwenye ubao wake, lakini maombi yanapita kwenye mfumo uleule wa ajira wa mtandaoni, na bahasha inayopelekwa kwa mkono haihesabiwi. Walimu na watumishi wa afya walizoea kupangiwa vituo na TAMISEMI moja kwa moja. Sasa mwalimu naye anakaa kwenye chumba cha usaili, na mabadiliko haya yamewashtua hasa waliohitimu miaka mingi nyuma, waliokuwa wakisubiri zamu yao. Hakuna zamu tena. Mhitimu wa 2016 anayelima viazi Isyonje au parachichi Rungwe anakaa dawati moja na aliyemaliza Mkwawa mwaka jana, mtihani uleule, alama zilezile.

Kwa nini karatasi zinakaguliwa kwa ukali hivi? Juni 2016 ajira na upandishaji vyeo vilisimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wapo waliokuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Novemba 2022 serikali ilianza kuwarudishia michango yao ya asilimia 5 waliyokatwa kwenye mshahara, basi. Kundi jingine liliguswa na waraka wa Mei 20, 2004 uliotaka mtumishi mpya awe na elimu ya kidato cha nne. Walioajiriwa baada ya tarehe hiyo kwa cheti cha darasa la saba waliondolewa, kisha wakarudishwa na kupewa hadi Desemba 2020 wawe wamejiendeleza. Tangu hapo hakuna afisa utumishi anayethubutu kufumba macho kwa herufi moja, maana saini yake ndiyo itakayoulizwa.

Majina

Hapa ndipo mkoa wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe tunaumia kuliko tunavyokiri. Majina yetu ya asili yanaandikwa kwa namna nyingi. Chukua jina Anyosisye. Kwenye cheti cha kliniki nesi aliandika Anyosisie. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Anyosise, na hilo ndilo lililokwenda Baraza la Mitihani na kuchapwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa akiwa mtu mzima, baba akataja Anyosisye. NIDA wakaandika Anyosisye na kuongeza jina la babu. Chuo kikafuata NIDA. Huyu ni mtu mmoja, lakini mbele ya anayehakiki kuna watu watatu. Ambakisye, Tusajigwe na Atupelye wana matatizo hayohayo, na ukoo wa Mwakyusa utaukuta umeandikwa Mwakiusa. Dada walioolewa wana lao: NIDA imechukua jina la mume, vyeti vina jina la baba.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Panga vyeti vyote mezani: kidato cha nne, kidato cha sita, chuo, cha kuzaliwa, kadi ya NIDA. Cheti cha kidato cha nne kiwe ndicho kipimo, kwa sababu ndicho kigumu zaidi kubadilisha na ndicho kinachohakikiwa moja kwa moja na Baraza la Mitihani. Vingine visogezwe vikifuate. Cheti cha kuzaliwa kinarekebishwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa wilayani ofisi yao iko kwa mkuu wa wilaya. NIDA wana ofisi kila wilaya. Kama tofauti haiwezi kusawazishwa kwa njia hiyo, au umebadili jina kabisa, unahitaji ile hati ya kubadili jina ambayo watu wanaiita dipoli. Inaandaliwa na wakili, kisha inasajiliwa kwa msajili wa hati chini ya Wizara ya Ardhi. Neno kubwa hapo ni kusajiliwa. Watu wengi wanaishia kwa wakili, wanagongewa muhuri mwekundu, wanafurahi, halafu wanarudishwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu hati haina namba ya usajili. Tangazo la kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba inatakiwa iliyosajiliwa. Na kiapo cha kawaida cha wakili si kitu kimoja na dipoli, japo gharama yake ni ndogo na ndiyo maana mtu anaambiwa kinatosha.

Kazi hii inachukua wiki, pengine miezi. Tangazo hukaa wazi kwa kawaida siku 14. Anayeanza kusahihisha jina siku tangazo linapotoka amekwisha kuchelewa.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zisome sasa hivi. Kama namba inaanza na 19970412 na cheti cha kuzaliwa kinasema Desemba 4, una tatizo ambalo mfumo utaliona kabla yako.

Sifa zinasomwa kama zilivyoandikwa

Kila kada ina muundo wake wa utumishi, yaani maandishi ya serikali yanayotaja sifa na madaraja yake, na tangazo linanukuu muundo huo. Anayechambua maombi hana ruhusa ya kusema "huyu naye anafaa, kozi zinafanana." Mtendaji wa Kijiji Daraja la III anatakiwa awe na kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya NTA ngazi ya 5 kwenye fani zilizotajwa, kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Kila mara wapo wanaoomba wakiwa na ngazi ya 4, ile astashahada ya awali, wakidhani cheti ni cheti. Wanakatwa. Bora mwaka mmoja zaidi darasani, ngazi ya 5 ikamilike, kuliko kuomba mara nne na kukatwa mara nne.

Dereva Daraja la II anatakiwa kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa, na uzoefu wa mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Kijana aliyeendesha Noah kati ya Uyole na Tukuyu kwa miaka sita, tena vizuri, anakuja na leseni ya daraja D na hana cheti cha mafunzo. Uwezo anao, na sote tunajua. Lakini kwenye orodha hataonekana, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa kumwambia mapema aende VETA.

Kada za afya na uhandisi, bila leseni au usajili hai wa baraza au bodi husika hupiti. Leseni iliyoisha mwezi uliopita ni sawa na kutokuwa nayo.

Vyeti vyenyewe viwe vyeti. Karatasi ya matokeo ya muda, hati ya matokeo ya kidato cha nne au sita, na barua ya chuo ya kwamba umemaliza, havikubaliki. Waliosoma nje ya nchi wapeleke vyeti vyao vikathibitishwe kulingana na ngazi: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati, au Baraza la Mitihani kwa sekondari. Umri usizidi miaka 45. Na aliyeko tayari kwenye utumishi asidhani ataruka kimyakimya kwenda taasisi nyingine kwa nafasi ya kuanzia: namba yake ya utumishi ipo kwenye mfumo, na itaonekana.

Steshenari ndipo makosa yanapotengenezwa

Vijana wengi wa vijijini hawajazi maombi wenyewe. Wanashuka Mwanjelwa au Makambako, wanamkabidhi kijana wa steshenari vyeti na elfu chache, wanarudi nyumbani. Vijana hao wanasaidia sana na hatuwabezi. Ila siku ya tangazo wanahudumia foleni ndefu, na kosa wanalofanya mara nyingi ni hili: wanafungua akaunti kwa barua pepe yao wenyewe, na nywila wanaiandika kwenye daftari la duka. Miezi minne baadaye umeitwa usaili, unahitaji kuingia unakili namba yako ya mtihani, na yule kijana amehamia Dodoma. Namba hiyo haitolewi siku ya usaili. Ni ya kuchukua mwenyewe kwenye akaunti, kabla.

Kwa hiyo barua pepe iwe yako, laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako na isiachwe ikafungwa kwa kutotumika, na nywila uikariri. Ukikaa pale dukani, simama nyuma ya kiti chake usome kila ukurasa kabla hajabonyeza kutuma. Angalia kwamba cheti cha chuo kimewekwa kwenye nafasi ya cheti cha chuo, na transkripti kwenye nafasi yake. Angalia faili zimeskaniwa kwenye mashine, hazijapigwa picha na simu zikiwa na kivuli cha mkono. Mwaka wa kumaliza uwe ule uliochapwa kwenye cheti. Barua ya maombi iwe na saini yako ya kalamu, imeelekezwa kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na itaje jina la kada kama lilivyo kwenye tangazo. Barua isiyo na saini ni kosa dogo la kusikitisha kuliko yote, kwa sababu ni sekunde mbili za kazi. Wadhamini watatu wawe watu wanaopokea simu na wanaojua kwamba umewataja.

Jaza pia mkoa na wilaya unayoishi sasa, usiache ile ya wakati ukiwa chuoni. Usaili wa mchujo siku hizi unafanyika mikoani, na kituo chako kinapangwa kwa taarifa hiyo. Wapo wanaoishi Vwawa wakapangiwa usaili Dar es Salaam kwa sababu akaunti ilifunguliwa wakiwa wanasoma huko. Nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe.

Usipoitwa, ingia kwenye akaunti usome sababu. Inaandikwa. Wengi hawaisomi, wanalalamika tu kijiweni, kisha tangazo linalofuata wanatuma kosa lilelile.

Kwenye usaili

Hatua ni mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kada zinazohitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Alama ya kufaulu ni 50, lakini kwenye kada yenye maelfu ya watu 50 haikufikishi mahojiano. Wanaoitwa ni wa juu kulingana na nafasi zilizopo. Kwa vitendo, dereva ataendesha kweli, na katibu mahsusi atapimwa hatimkato, ambayo muundo unataka maneno 80 kwa dakika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Huwezi kuipata kasi hiyo kwa wiki mbili za mwisho.

Mchujo unataka ujue kazi unayoiomba ilivyo kisheria. Anayeomba utendaji wa kijiji asome Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Sura 287. Ajue kwamba mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa walau kila miezi mitatu, kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na kwamba yeye mtendaji ndiye katibu wa halmashauri hiyo na mlinzi wa amani kijijini. Kila anayeomba kazi yoyote ya umma asome pia Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na maadili ya utumishi. Kwa mahojiano, wahitimu wetu wengi wanajua majibu ila wanajibu kwa sentensi moja na kunyamaza, kwa adabu ya kutoongea sana mbele ya wakubwa. Adabu hiyo ni nzuri nyumbani. Kwenye jopo kila swali lina alama zake, na alama zinafuata hoja ulizotaja. Ukiulizwa utafanya nini mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye shamba la mpunga Mbarali, taja hatua: kutuliza, kuthaminisha hasara na afisa kilimo, kuwakutanisha kwenye baraza, kuandika, kupeleka juu ikishindikana. Hoja tano, alama tano.

Safari iheshimiwe. Kati ya Desemba na Aprili, anayetoka Kamsamba, mwambao wa Ludewa au vijiji vya juu vya Kilolo asipange kufika asubuhi ya usaili. Barabara ya Matamba kushuka Chimala, kwenye zile kona hamsini na saba, ukungu ukikamata hakuna dereva mwenye akili anayekimbia. Lala mjini siku moja kabla. Beba vyeti halisi vyote na kitambulisho. Kama huna kadi ya NIDA wala ya mpiga kura, barua ya mtaa au kijiji yenye picha iliyogongwa muhuri inakubalika.

Mtu akikupigia akisema ana nafasi yako kwa malipo, ni tapeli au mla rushwa, na wote wawili namba yao ya kuripoti ni 113, TAKUKURU, bila malipo.

Ukiitwa kazini

Jina likitoka kwenye orodha ya kuitwa kazini, barua ya kupangiwa kituo inapatikana kwenye akaunti yako, na muda wa kuripoti ni siku 14 tu. Asiyefika, nafasi inapewa mwingine. Waliofaulu wakakosa nafasi wanahifadhiwa kwenye kanzidata na huitwa kibali kingine kikija, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu.

Kwa mwajiri utakaguliwa upya vyeti halisi, utapimwa afya hospitali ya serikali, utajaza mkataba, kiapo cha uadilifu, fomu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na ya bima. Njoo na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, maana bima inachukua mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Mwalimu ana faili la pili Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya, na hilo wengi hulisahau hadi siku wanapotaka kuthibitishwa. Una haki ya nauli na posho ya kujikimu ya siku saba. Idai kwa maandishi, ukae na nakala.

Mshahara hautoki mpaka uingizwe kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na upate cheki namba, yaani namba yako ya utumishi. Ukiripoti baada ya mwezi kufungwa, wa kwanza utakuja mwezi unaofuata na siku za nyuma zinakuwa malimbikizo. Jina la akaunti ya benki lisipolingana na la barua ya ajira, fedha hazipiti. Ni jina tena.

Salari slipu yenyewe isome. Tangu Julai 2025 kima cha chini serikalini ni shilingi 500,000. PSSSF inakata asilimia 5, yaani 25,000, na mwajiri anaongeza 15. Bima asilimia 3, 15,000. Kodi inakokotolewa kwenye 475,000 zilizobaki baada ya pensheni: ya kwanza 270,000 haina kodi, inayobaki 205,000 inakatwa asilimia 8, ambayo ni 16,400. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 10,000. Unabaki na 433,600. Mdaiwa wa Bodi ya Mikopo anaondoa 75,000 nyingine, asilimia 15. Halafu wakopeshaji wanakuja kazini na kalamu. Sheria inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi, hapa kama 166,700, lakini kijana anayekopa hadi kwenye mstari huo mwezi wa nne wa kazi, akiwa kituo cha Bulongwa ambako gunia la mkaa na blanketi nzito si anasa, hataishi kwa mshahara. Tunawasihi wasifanye hivyo kabla ya kuthibitishwa.

Na hapa kuna jambo ambalo takwimu za ajira hazilionyeshi. Wilaya inaweza kupokea walimu na wauguzi wapya kila mwaka na bado zahanati ya kata ya mbali ikabaki na mtu mmoja, kwa sababu wageni wanaanza kutafuta uhamisho wiki ya kwanza. Mwajiriwa mpya anatakiwa kukaa kituo cha kwanza walau miaka mitatu, ila zipo njia za ugonjwa na ndoa, na nyingine zinatumiwa vibaya. Tulichokiona ni kwamba wanaobaki ni waliopokelewa. Mtendaji wa kata aliyeandaa nyumba, hata chumba kimoja cha mabati kilichozibwa upepo, na mkurugenzi aliyelipa siku saba za kujikimu kabla hazijaisha, wanapunguza maombi ya uhamisho kuliko waraka wowote. Aliyeachwa gesti akijilipia, anaondoka. Halmashauri zinazoomba kibali kila mwaka zingeweka fungu dogo la mapokezi zingeomba watu wachache zaidi.

Majaribio ni miezi 12. Kazi inapimwa kwenye mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya OPRAS, na asiyejaza majukumu yake humo hana cha kuthibitishiwa. Ikifika mwezi wa kumi, andika barua ya kuomba kuthibitishwa kupitia mkuu wako wa kazi. Usisubiri ofisi ikukumbuke, kwa sababu ofisi moja ina mafaili ya wilaya nzima.

Mwisho, ile tarehe ya kuzaliwa uliyojaza siku ya kwanza ndiyo itakayokustaafisha, kwa hiari ukiwa na miaka 55 na kwa lazima 60. Haibadilishwi baadaye kwa kiapo. Ndani ya mwaka wa kwanza fungua taarifa yako ya PSSSF, linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuajiriwa na zile za barua ya ajira, kisha hesabu kama michango ya kila mwezi imeingia. Mwezi unaokosekana unadaiwa kirahisi wakati afisa aliyekuingiza kwenye mfumo bado yuko ofisini na slipu ya mwezi ule bado unayo mkononi.